Dungusi la Marehemu

Msimu wa baridi dungusi halitiwi maji. Katika nyumba ile hakuna aliyehitaji kukumbushwa neno hilo. Hata mgeni alilisikia kabla ya kukaribishwa kiti. Mmea wenyewe ulisimama sebuleni karibu na dirisha, wima kama nguzo, umekipita kimo cha mlango, na mifereji yake yenye miiba ikishuka kutoka kileleni hadi kwenye udongo wa pipa. Aliyeupanda ni marehemu mke wa mwenye nyumba, ungali mdogo kama kidole gumba.

Mwenye nyumba, mkuu wa stesheni mstaafu, hakuvumilia vumbi. Kila asubuhi alichovya brashi ya kunyolea katika bakuli la maji, akausugua mmea ule mfereji baada ya mfereji mpaka ukang'aa. Kuosha, kwake yeye, hakukuwa kumwagilia.

Baridi ilipokolea, shina lilianza kulegea chini na kugeuka rangi ya kahawia. Mzee alimwita mkamwana wake, mjane wa mwanawe wa pekee, aliyekuwa akimpikia na kumfulia tangu msiba.

"Umelitia maji."

"Sijaligusa, baba."

"Basi limejikojolea?"

Majirani waliokuwa wameketi pale wakacheka.

"Baba, wewe nakuogopa, na hiyo miiba naiogopa zaidi. Nilisogelee kutafuta nini?"

"Ulimi unao. Kasoro yako ni mikono. Kila unachokiuguza kinakufa."

Kicheko kikakatika. Hapakuwa na asiyejua kwamba sasa anasemwa marehemu mumewe. Mkamwana alifunga mzigo wake, akahamia chumba cha nyuma kwa dobi aliyempa kazi ya kupiga pasi. Mzee naye akapita nyumba kwa nyumba kueleza sababu, watu wasije wakamdhania mkatili.

Akabaki peke yake, na mmea ukazidi kuoza. Asubuhi moja, brashi ingali mkononi, aliliona tone likiteleza ndani ya mfereji, likafuatwa na jingine, yakazama udongoni. Akatia kidole. Ulikuwa tope tupu. Nyumba ile haikuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa.

Alikwenda kwa dobi. Mkamwana hakuiweka pasi chini.

"Mwanangu, ni mimi."

"Nakuona, baba."

"Aliyelitia maji ni mimi. Nilikuwa nikiliosha. Rudi nyumbani."

"Kurudi, sirudi. Lakini ulinitembeza mtaa mzima nikiwa muuaji. Nenda ukanisafishe huko huko, mlango kwa mlango. Kusafisha si ndiyo kazi unayoiweza?"

Alikwenda. Fundi viatu alimwambia, "Yamepita hayo, mzee wangu, keti unywe chai." Alikikataa kiti, akasema lililompeleka, akaendelea na mlango uliofuata.

Wa mwisho alikuwa bibi muuza mkaa, ambaye masikio yalikuwa yameanza kumgomea.

"Ah, yule mkweo aliyeua mmea! Pole, baba. Na mume pia, eti?"

Mzee alivua kofia. Akapaza sauti mpaka wapita njia wakasimama.

"Mkamwana wangu hakuua kitu! Maji nilitia mimi. Na mwanangu aliuawa na ugonjwa. Huyu alimuuguza hadi mwisho, nami sikumshukuru."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Ndipo mzee alipovaa kofia yake, akaenda zake.