Utepe wa Kijani kwenye Chupa ya Uyoga

Mke wangu Corliss hajui kunyamaza. Nimeishi naye tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijawahi kumwona akiulizwa swali moja akatoa jibu moja. Nampenda hivyo hivyo alivyo. Lakini jambo hili bado linaniuma, acha niliseme.

Shemeji yangu Everett anaishi Nebraska, si mbali na kwetu Colorado. Mkewe, Nadine, alifariki wakati wa theluji, na Everett mwenyewe macho yalishaharibika, gari haendeshi tena. Akajifungia ndani. Ukimpigia simu anapokea, halafu unasikia anapumua tu. Corliss ni muuguzi wa wazee, amewaona wengi wakizimika namna hiyo, akaogopa.

Ndipo akaamua kumpelekea uyoga. Si ule wa supu. Ni ule unaomfanya mtu aone mambo, ambao sisi Colorado tuliupigia kura: mtu mzima anaruhusiwa kuuotesha nyumbani kwake, kuula, hata kumpa mwenzake, mradi asiuuze. Corliss aliuotesha kwenye kabati la mashuka, ndani ya chupa zenye wali. Yeye na shoga zake wanagawiana kama wanavyogawiana nyanya za bustanini, na kila chupa wanaifunga utepe, ili atakayeuliza aone kuwa ni zawadi. Ndivyo walivyofundishana: ukiulizwa, anza na zawadi.

"Huo uache," nilimwambia asubuhi ile akipanga vitu kwenye boksi la barafu. "Huko ni ugenini."

"Ugenini? Kwa kaka yangu?"

"Sheria yao unaijua?"

"Merle, uyoga ni uleule. Unadhani ukivuka mpaka unageuka bunduki?"

Nikacheka. Akafunga utepe wa kijani, akaiweka chupa kando ya bakuli la tambi za kuoka na jibini, chakula ambacho Everett anakipenda tangu utotoni. Tukaondoka.

Tulikuwa tumeshaingia Nebraska askari alipotusimamisha. Corliss ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na mguu wake ni mzito, mwendo ulikuwa umepita kiasi. Askari akauliza lile swali lao: kuna chochote humu garini ninachopaswa kukijua?

"Chakula tu, afande," mke wangu akasema. "Na uyoga kidogo, ule wa kuona mambo, nimeuotesha mwenyewe. Lakini usijali, siuzi. Nampelekea kaka yangu zawadi. Ngoja nikuonyeshe utepe wake."

"Mama, nakushauri usiendelee kusema."

"Kwa nini nisiseme? Sina cha kuficha."

Nikamminya goti. Akaniuliza, mbele ya askari, kwa nini namminya goti.

Wakili wetu, Bi Brandvold, alitueleza kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionitisha. "Kwenu hilo neno zawadi linakuokoa. Huku kugawa na kuuza ni kosa moja. Ungenyamaza, wangekushtaki kwa kukutwa nao tu. Sasa umejitangaza msambazaji, na kamera ya gari la polisi imekurekodi vizuri."

"Lakini sikutaka hata senti."

"Hakuna anayesema ulitaka, mama."

Usambazaji maana yake ni jela. Na kwa kuwa Everett ndiye aliyekuwa apelekewe, akawa shahidi, na sharti la dhamana likawa Corliss asizungumze naye mpaka kesi iishe. Hapo ndipo nilipotukana, ofisini kwa watu, sioni aibu kusema. Everett, ambaye miezi yote ile alikuwa hatoi neno, sasa akaanza kupiga simu yeye. Simu inaita pale jikoni, jina lake liko kwenye kioo, na Corliss anaitazama mpaka inakatika. Mahindi yalikuwa yakifika gotini kesi ilipoanza. Yalivunwa hajazungumza na kaka yake.

Mwisho mwendesha mashtaka alikubali kuliondoa lile shtaka kubwa, na Corliss akakiri kukutwa na uyoga. Jela hakwenda. Alipewa kifungo cha nje, leseni ya uuguzi ikaondoka, na Colorado hatoki bila kibali.

Siku hiyo ya hukumu Everett alikuwa ameletwa na jirani. Tulimkuta kwenye ukumbi wa mahakama, suti imempwaya, anapapasa ukuta.

"Dada."

Wakakumbatiana kwa muda mrefu. "Nisamehe," Corliss akasema. "Nilitaka upone."

"Najua. Lakini mimi uyoga sikuuomba. Nione mambo gani na mlango wenyewe siuoni?"

Corliss akacheka huku analia.

"Nilitaka uje tu," Everett akasema. "Siku ile niliosha sahani nikaziweka mezani, yako na ya Merle. Nikakaa nasikiliza gari. Mpaka leo sijaziondoa." Akajifuta pua kwa kiganja. "Haya, sasa yameisha. Utakuja lini?"

Corliss akamtazama wakili. Wakili akatazama makaratasi yake. Mke wangu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akaishika kola ya koti la kaka yake akainyoosha, kisha akainyoosha tena.

"Nikiruhusiwa," akasema.