Nusu Pima Iliyovikwa Kanzu

Haki ya Mungu, kila neno hapa ni la kweli. Atakayenikamata na uongo, hata wa punje moja, halua ya baraza zima iwe juu yangu, na kahawa ya kuiteremshia.

Raihana, yule binti wa Siyu mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la nyavu hapa Amu, alikuwa anakula viazi karai mbele ya kompyuta yake alipopigiwa simu na mamake. Dada yake Swafiya ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, na damu inatoka. Boti ya wagonjwa imeshaondoka naye Siyu kuja hospitali, nahodha Abdulwahid akiwa kwenye usukani.

"Omba dua, mama. Mimi naifuata boti hapa," akasema Raihana, akafungua programu aliyoiandika mwenyewe.

Programu yenyewe ni hii. Katikati ya mikoko, kwenye njia ya mkato, imesimikwa nguzo yenye kipimo cha kina cha maji. Kipimo humtumia Raihana nambari, na manahodha huzisoma kwenye vioo vya botini. Maji yakiwa pima moja, karibu mita mbili, pale nguzoni, pita. Yakiwa nusu pima, mbele yake ni mchanga mtupu. Itabidi uzunguke njia ya nje, kwenye mawimbi. Ukikwama mikokoni maji yanapotoka, hutoki mpaka yarudi. Na Swafiya hakuwa na muda wa kungoja maji.

Sasa, ule mfumo aliojengea tovuti yake hutoa data kama ilivyo: mita, tena zenye desimali ndefu kama mkia wa samaki taa. Manahodha walimcheka. "Ewe Raihana, mita si za kupimia vitambaa?" "Na mikia yote hii ya nini, tufungie punda?" Basi Raihana akatunga mvishaji wake mwenyewe, kipande cha programu kinachoidaka data kabla haijatoka mlangoni, kikaivua mita, kikaivisha pima, na kuiondoa mikia ibaki nambari nzima. Manahodha wakafurahi, wakamletea kaa wa shukrani.

Siku hiyo kioo kilisema: Kina, pima 1. Raihana akashusha pumzi. Halafu, kwa wasiwasi tu wa mtu na dada yake, akaichungulia data yenyewe, ile ambayo haijavishwa. Mita sifuri nukta tisa tano.

Akapiga hesabu. Akairudia. Nusu pima na ushei.

Kumbe mvishaji wake hakuwa anakata mikia. Alikuwa anaisukuma juu. Kila nusu na ushei ilitoka mlangoni imevaa kanzu ya pima nzima.

Akakitupa kiazi sahanini. Akampigia Abdulwahid. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Injini mbili zinanguruma kule, na Abdulwahid akishika usukani hapokei simu hata ya mkewe. Kitu anachokitazama ni kimoja, kioo, na kioo kilikuwa kinamwambia pita. Kwenye ramani, alama ya boti ilizidi kuisogelea njia panda, pale mkato unapoachana na njia ya nje.

"Basi nitasema naye kwa kioo," Raihana akajiambia.

Akamfungua mvishaji. Akafuta mstari ule wa mikia, na pale penye kina akaandika neno: USIPITE. Akahifadhi, akaiwasha seva upya. Kioo kikawa cheupe. Ukurasa ulizoea kupewa nambari. Kupewa neno ukasusa.

"Ya Rabbi!"

Nahodha asiyeona nambari hushika ile ya mwisho aliyoiona. Pima moja.

Simu ikalia. "Raihana, wamefika wapi?"

"Mama, nitakupigia." Akakata. Tangu azaliwe hakuwahi kumkatia mamake simu.

Vidole viliteleza kwa mafuta ya viazi. Akavifuta kwenye buibui. Kina akakirudisha kuwa nambari, safari hii na mkia wake. Kando yake akafungua sehemu mpya, onyo, neno likae huko lisigombane na nambari. Akaongeza mstari mmoja kwenye ukurasa ili onyo lionekane. Boti imefika njia panda. Seva ikawaka taratibu, kana kwamba inavaa viatu kwanza. Kina, pima 0.52. Usipite.

Lakini alama ya boti ilikuwa imeshageuza pua, inaelekea mikokoni.

Ikaingia! Ikakwama mchangani, Swafiya akipiga kelele, kaa wakichungulia ubavuni. Raihana akasema, nambari iliyowadanganya manahodha itashindwa kudanganya maji? Akamrudia mvishaji, akaandika pima tatu. Na bahari ikatii! Maji yakafurika, punda wa Matondoni wakaogelea, boti ikapaa juu ya mikoko ikatua mlangoni mwa hospitali, na manesi wakaifunga kamba kwenye kitanda cha leba. Akazaliwa mtoto wa kiume, akaitwa Pima, na...

"Bwana Rufus!"

Nikageuka. Abdulwahid, na kikombe chake, nyuma ya nguzo ya baraza.

"Sikukuona, Bwana Abdulwahid."

"Hukuniona mimi, na boti pia hukuiona. Mikokoni sikuingia. Nilipogeuza tu, kioo kikaandika usipite. Nikarudi, nikashika ndia ya nje. Mawimbi yalitupiga hata Swafiya akamtukana babu yangu. Lakini tulifika."

"Na maji?"

"Maji yalitoka kama ada yake. Bahari haina kompyuta. Na mtoto ni wa kike, aitwa Afra."

Baraza likaangua kicheko. Bi Mwanamkisi, mwenye birika la kahawa na sinia la halua, akauliza halua ni ya nani leo.

"Jamani, ya mvishaji ilikuwa kweli!" nikajitetea.

"Uliapa hata punje," akasema Abdulwahid. "Umetumwagia gunia. Toa, pensheni imeingia yana."

Nikatoa pochi. "Basi nusu kilo na ushei, tusimalize duka."

"Nusu na ushei?" Abdulwahid akamgeukia Bi Mwanamkisi. "Kwa huyu tumia mvishaji wa zamani. Mwandikie kilo nzima."

Nikalipa.