Likizo ya Uzazi ya Fundi Bomba

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, fundi bomba wa idara ya maji alijikokota kwa viganja hadi kwenye meza ya ofisa utumishi, mkia ukilowesha sakafu, akaomba likizo ya uzazi. Alikuwa nguva, na kwa nguva anayebeba mimba ni mume. Mfuko wa mimba uko chini ya kitovu, pale magamba yanapoanzia, na siku hiyo ulikuwa umetuna kama gunia.

"Siku tatu tu, bosi. Kwetu, sauti ya kwanza mtoto anayoisikia majini ndiyo baba yake. Nisipowaimbia mapema, hawatanijua maisha."

Ofisa utumishi, bingwa wa kusoma kanuni bila kuzielewa, alilamba kidole akafunua kitabu. "Imeandikwa mke, ndugu yangu. Na mkeo tumeshampa miezi mitatu."

Ni kweli walimpa. Mke, karani wa masjala, alikuwa amejilaza kwenye pipa nyumbani, hana hata kichefuchefu, akiwalaani wote kwa zamu.

Alhamisi uchungu ulimshika fundi ndani ya tangi kuu la mji. Akajifungua watoto saba, kila mmoja kama kidole gumba. Hajafungua kinywa kuimba, msimamizi akapiga kelele kutoka juu: chemchemi ya bustani ya ofisi imekatika na wageni wako njiani, asipotoka sasa hivi kazi hana. Akawaacha tangini, akatoka.

Saa hiyo ya kazi ofisa utumishi alikuwa kwake anaoga, kama kawaida yake, na anaimba kwa sauti ya chura. Watoto waliifuata sauti mabombani, wakatoka kwenye bomba la bafuni mmoja mmoja, wakamng'ang'ania vidole. Aliwatia kwenye beseni. Mke wa ofisa aliuliza wanakula nini.

Jioni fundi, aliyewatafuta bomba kwa bomba, alifika kwa ofisa, akainamia beseni, akaimba nyimbo zote alizozitunza miezi minane. Watoto walimtazama kama mtu aliyekuja kutengeneza bomba. Alilia waziwazi, na hakuna aliyempa hata kitambaa.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema ofisa. "Ndiyo mila zenu hizo."

Kesho yake ofisa alijiidhinishia likizo ya siku kumi ya baba wa watoto wachanga. Kifungu kilikuwapo miaka yote, ukurasa uliofuata. Akaacha na maagizo: beseni ni dogo, fundi aje amjengee karo.