Mgongo Ndani ya Suti ya Njano

Katika kila filamu ya Chiriku, Gunia alianguka. Katika ile ya kwanza, Chiriku alikuwa tarishi aliyemwimbia binti wa tajiri barua zake badala ya kumkabidhi, na Gunia akaanguka kutoka juu ya ukuta, akatumbukia kwenye pipa la chokaa. Ya pili Chiriku akawa kinyozi. Gunia akaenda chini pamoja na kiti. Ya tatu mpishi wa harusi. Gunia akaangukia keki ya ghorofa tano. Jina lenyewe lilitokana na hapo, kwa jinsi alivyokuwa akienda chini mzima mzima, bila kutanguliza mkono, kama gunia linalotupwa kutoka kwenye lori. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu Chiriku anafungua kinywa, anaimba, na wote wanasahau kwamba kuna mtu bado amelala chini.

Gunia hakusahau. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na Chiriku ishirini na saba. Alikuwepo kwenye kazi ya kuchekesha kabla Chiriku hajaota ndevu. Lakini gari lilimfuata Chiriku nyumbani, na Gunia alikuja kwa miguu. Chiriku akipiga chafya, mpambaji anakimbia na leso. Gunia akitoka kwenye pipa la chokaa, anaonyeshwa bomba lilipo.

Kilichomkata maini zaidi kilikuwa nyumbani kwake mwenyewe. Binti yake wa kidato cha pili alibandika ukutani bango la filamu ya mpishi. Katika bango lile Chiriku alikuwa katikati, meno yote nje, na pembeni chini alikuwepo Gunia, uso umejaa krimu ya keki. Ila bango lilikuwa pana kuliko nafasi iliyokuwepo kati ya dirisha na kabati, kwa hiyo binti alichukua mkasi akalipunguza.

"Umenikata mimi?" Gunia aliuliza, akijifanya anatania.

"Baba, halikuenea," binti akajibu. "Na wewe nakuona kila siku."

Jibu lilikuwa la haki kabisa, na ndiyo maana lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mama watoto, ambaye alikuwa muuguzi na amezoea kutambua maumivu ya watu wasiosema, alimtazama na kumwongezea chai.

Filamu ya nne ilipoanza, Chiriku akiwa fundi wa saa, alimfuata Gunia nyuma ya seti, akavuta kreti la soda akakaa.

"Kaka, naomba unifundishe kuanguka."

"Kuanguka?"

"Mimi wakiniona wanapiga vifijo. Wewe wakikuona wanacheka mpaka machozi. Vifijo nimevizoea. Nataka nichekewe hata mara moja. Nimeongea na mwongozaji, ile ya kwenye roshani nitaanguka mwenyewe."

Ile ya kwenye roshani ilikuwa ya Gunia. Ilikuwa kwenye karatasi zake, alishaifanyia mazoezi wiki nzima. Alitabasamu, akasema, "Hakuna shida, bwana mdogo," na ndani kijiba cha roho kikajaa mpaka pomoni. Sauti anayo, sura anayo, nusu ya wasichana wa mji wanamlilia, na bado ameona Gunia ana kicheko, akakitaka na hicho. Kweli aliyenacho huongezewa.

Hata hivyo alimfundisha, na alimfundisha vizuri, maana kazi ilikuwa ndani ya damu. "Usitangulize mkono, utauvunja. Kidevu kifuani. Toa pumzi kabla hujafika. Anayebana pumzi ndiye anayeumia." Chiriku alianguka kwenye godoro mara hamsini, akiinuka kila mara na kuuliza, "Hapo je?" Alikuwa mwanafunzi msikivu. Gunia alitamani awe mjinga.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya jua kali. Roshani ilikuwa na kimo cha watu wawili, na chini yake, nyuma ya ua la majani ya kubandika, yalipangwa magodoro manne. Chiriku alipanda ngazi ndani ya suti yake ya njano. Kazi ya Gunia kwenye picha ile ilikuwa kushika ngazi na kushangaa.

Mafundi wa taa walikuja kusogeza mlingoti mmoja wa taa, na walipouvuta, mguu wake ulinasa ncha ya godoro la pembeni. Magodoro yote yakasogea hatua moja. Walishikilia taa yao, wakaondoka bila kutazama chini.

Gunia alitazama. Aliona utepe wa sakafu ya saruji ukitokeza pale ambapo mguu wa Chiriku ungetua. Mwongozaji alikuwa bado anabishana na mpiga picha kuhusu kivuli, kwa hiyo muda ulikuwepo, tena wa kutosha. Neno lilikuwa moja tu: "Subirini." Lilipanda mpaka kwenye ulimi, likakaa hapo. Gunia alijiambia kwamba hatua moja si kitu. Kwamba yeye ameangukia saruji mara ngapi, na nani alimpa pole. Kwamba si alitaka mwenyewe. Akainua macho, akashika ngazi vizuri.

"Anza!"

Chiriku alianguka vizuri sana. Kidevu kifuani, mikono imetulia. Mgongo ulifika kwenye godoro, mguu wa kushoto ukafika kwenye saruji, na sauti iliyotoka pale kila mtu aliisikia.

Kifundo cha mguu kilivunjika. Daktari aliufunga mguu plasta, akasema miezi miwili bila kukanyaga. Na filamu ilikuwa imebakiza wimbo mmoja, ule mkubwa wa mwisho, Chiriku akicheza juu ya meza ndefu ya karamu kutoka mwanzo hadi mwisho, vyombo vikiruka kushoto na kulia. Wimbo ulikwisharekodiwa. Ukumbi ulikuwa umekodiwa kwa siku tatu tu.

"Uso tutaupiga picha akiwa amekaa," mwongozaji alisema, akikuna kichwa. "Ila nahitaji mgongo na miguu." Akawatazama watu wote mmoja mmoja, akasimama kwa Gunia. "Hebu simama. Geuka."

Yeye na Chiriku walikuwa na kimo kimoja na mabega sawa. Hakuna aliyewahi kugundua, maana hakuna aliyewahi kumtazama Gunia akiwa amesimama.

Wakamvika suti ya njano. Ilimkaa kama ameshonewa yeye. Na Gunia, ambaye ujanani alicheza mbele ya bendi mpaka viatu vikachanika, alipanda juu ya meza akacheza. Sijui ni hasira iliyocheza, au wivu, au hatia. Huenda zote tatu zilipokezana. Siku tatu alicheza, vikombe vikiruka, wafanyakazi wa filamu wakipiga makofi bila kuagizwa.

"Wewe ulikuwa wapi siku zote hizi?" mwongozaji akauliza.

"Chini," Gunia akajibu.

Lakini walikubaliana kwamba itakuwa siri. Watazamaji walinunua Chiriku, wapewe Chiriku.

Filamu ilitoka, na Jumamosi mchana Gunia alikwenda na mkewe na binti yake. Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Picha ya roshani ilipofika, Chiriku akaenda chini, na kabla hajafika picha ikakatwa, watu wakacheka. Walicheka kweli, mpaka machozi, kama alivyotaka. Gunia alitazama chini.

Kisha ukaja wimbo wa mwisho. Magazeti yalikwishaandika kwamba Chiriku alivunjika mguu, na sasa watu walimwona, mgongo wa njano ukiruka juu ya meza, miguu ikitwanga. Ukumbi ulipagawa. "Na mguu mbovu!" mtu alipiga kelele. "Jamani, na mguu mbovu!" Binti yake alisimama juu ya kiti, anapiga makofi juu ya kichwa. "Baba! Umemwona? Umemwona anavyocheza?"

"Nimemwona," Gunia alisema.

Na hapo akajikuta anauonea wivu mgongo wake mwenyewe. Alitamani auvue, autupe. Kwa miaka yote hakuwahi kupigiwa makofi kama yale, na siku yalipokuja, yalikwenda kwa mtu mwingine.

Mkewe alimwinamia sikioni. "Mgongo ule naujua," alinong'ona. "Nausugua mimi."

Angalau mmoja amejua. Ilipaswa kumfurahisha. Badala yake machozi yalimlenga, na walipofika nyumbani, binti akiwa amekwenda kwa rafiki zake kusimulia, alimweleza mkewe habari ya magodoro, yote, mpaka ile hatua moja.

Mkewe hakumkaripia. Alikunja kitambaa cha meza mara nne, akakikunjua, akakikunja tena. "Nimeona miguu mingi ya namna hiyo wodini," alisema. "Mingine hairudi sawasawa. Usiniambie mimi, mume wangu. Kamwambie mwenye mguu."

Jumatatu asubuhi alikwenda. Chiriku alimfungulia mwenyewe, akitembelea fimbo, akacheka alipomwona.

"Kaka Gunia! Karibu ukae. Unajua naona haya? Watu wananisimamisha barabarani kunisifia miguu yako."

Gunia hakukaa. Alisema akiwa amesimama mlangoni, haraka, kama mtu anayeng'oa jino. Magodoro yalisogea. Niliona. Muda ulikuwepo. Nikanyamaza.

Chiriku alijiegemeza kwenye fimbo. Aliposema, sauti ile ambayo watu waliilipia ilitoka bila rangi yoyote.

"Nilikuona ukiyatazama," alisema. "Pale juu nilikuwa naogopa, kaka. Nikakutafuta kwa macho, nikaona unayatazama magodoro, kisha ukaniangalia mimi. Nikasema moyoni, basi, Gunia ameshayaangalia. Nikajiachia."

Gunia alikosa pa kuweka mikono.

"Kwa nini?" Chiriku akauliza.

"Wivu."

"Wa nini hasa?"

"Wa vyote. Lakini vingine nilishavizoea. Ulipotaka na kicheko, nikashindwa."

Chiriku alitazama mguu wake. "Toka kwanza, kaka," alisema. "Sikufukuzi. Ila toka kwanza."

Wiki tano hakuna aliyemwita Gunia kazini. Wiki ya sita Chiriku alihojiwa redioni, akaulizwa siri ya kucheza na mguu uliovunjika, akasema hakuna siri, ile miguu si yake, ni ya Gunia. Habari ya magodoro hakuigusa. Binti alitoka chumbani mbio na redio mkononi, akakuta baba yake anamenya viazi, akaitazama miguu yake kana kwamba imeota leo. "Baba, ni wewe?" Alitaka kumkumbatia. Gunia alimkalisha kwanza, akamsimulia na ile sehemu ambayo redio haikuisema. Binti alirudi chumbani, akafunga mlango. Jioni akaja kukaa karibu naye, wakamenya viazi vya kesho.

Kisha Gunia akaitwa kazini. Filamu ya tano, Chiriku ni dereva wa gari la maiti mwenye furaha kupita kiasi, na Gunia ataanguka kutoka juu ya gari hilo. Wivu haukuwa umeisha. Chiriku alipofika na mpambaji akamkimbilia na leso, Gunia aliusikia ukijigeuza ndani yake kama mtoto anayetafuta ubavu wa kulalia. Sasa alijua tu kwamba upo, na akaacha kuuita majina mengine.

Alipanda juu ya gari. Mwongozaji alikuwa tayari kusema anza, Chiriku akainua mkono.

"Subirini."

Akashuka kwenye kiti chake, akichechemea kidogo, akayazunguka magodoro yote, akibonyeza kila moja kwa goti na kusukuma pale yalipoachana. Mafundi walitazamana; tangu lini mwimbaji anapanga magodoro? Gunia peke yake ndiye aliyeelewa, na uso ulimwaka moto.

Chiriku alipomaliza, alifuta mikono, akainua kichwa.

"Haya, kaka," alisema. "Anguka."

Gunia akakaza kidevu kifuani, akatoa pumzi, akaanguka.