Diski Zisizo na Maandishi

Shemeji yake Mama Nukta alikuwa fundi wa kompyuta, tena fundi hodari, ila alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona kitu kizee kinafanya kazi vizuri, hana raha mpaka akibadilishe. Ndugu walishamzoea. Mkewe alikuwa akificha redio yake ya jikoni kila mume anapokuwa na siku ya mapumziko.

Alhamisi moja Mama Nukta alikwenda kung'olewa jino. Shemeji akaona ndiyo nafasi ya kumfurahisha dada wa mkewe. Akaingia ofisini kwake, pale katika shule ya wasioona, akaifungua kompyuta, akaufuta mfumo wa zamani na kuweka mpya kabisa. Akapangusa vumbi, akapanga droo, akaondoka huku akipiga mbinja. Wahenga walisema tenda wema uende zako, naye alitenda, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi Mama Nukta alifika, shavu bado limevimba, akawasha kompyuta na kusubiri Babu amsalimie. Yeye mwenyewe hakuwa ameona tangu akiwa na miaka minne, na Babu ndilo jina aliloipa sauti ya kompyuta iliyomsomea yaliyo kwenye skrini. Ilikuwa sauti ya puani, yenye mafua yasiyopona, isiyojua kutamka hata jina la shule. Lakini walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na miwili, na watu huoana kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Babu hakusema kitu. Badala yake akasikia sauti ya binti, tamu, yenye haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni.

"Wewe nani?" Mama Nukta akauliza.

Huyo binti angemvumilia. Asilolivumilia ni kwamba alipotoa amri ya kuchapa, Tingatinga alinyamaza. Tingatinga ilikuwa mashine ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya vinundu ambayo wanafunzi husoma kwa vidole. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na ikifanya kazi darasa la jirani husimamisha somo. Hata wanafunzi walipombatiza mwenye mashine Mama Nukta, walisema mashine ilishajibatiza yenyewe kwa kelele zake.

"Kifaa hakitambuliki," alisema yule binti.

"Hakitambuliki! Kwa miaka kumi na miwili nani amekuwa akichapa?"

Jumatatu saa mbili asubuhi wanafunzi kumi na sita walikuwa na mtihani wa historia, kurasa tisa kila mmoja. Kwa mashine ya mkono angeambulia nakala mbili, tatu akikesha. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu, mtu mpole asiyependa mambo makubwa, akalifanya jambo kuwa dogo.

"Usijali, Mama Nukta. Ikifika kesho saa nane mchana mashine haijapona, mwalimu wa michezo atawasomea maswali. Ana sauti nzuri."

Mama Nukta aliketi bila kuambiwa karibu. Yeye pia aliwahi kusomewa mtihani. Nao ulikuwa wa historia, mchana wa joto, na msomaji wake alikuwa mwalimu mwema aliyekula akashiba. Baada ya swali la sita akanyamaza kidogo, akakoroma kidogo, akashtuka na kuendelea na swali la nane. Yeye, binti wa wakati huo, hakujua. Alijua nje, wenzake walipoanza kubishana juu ya swali la saba. Lilikuwa na alama kumi. Chuo cha ualimu alikikosa kwa alama tatu. Ndipo akajifunza kuchapa, na akaapa kwamba muda wote atakaokuwa kwenye kiti kile, hakuna mtoto atakayetegemea macho ya mtu aliyeshiba.

Jumamosi saa mbili shemeji, aliyeitwa kwa simu, alikuwa mlangoni, akikohoa kikohozi cha mtu mwenye hatia.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nirudishie Babu wangu."

"Shemeji, ule mfumo ni wa zamani sana. Hakuna anayeutumia siku hizi."

"Mimi pia ni wa zamani. Utamleta nani mpya ukinichoka?"

Shemeji akaketi akaanza kazi. Kwanza alihamisha faili zote kwenye flashi, kisha akaingiza mfumo wa zamani kutoka kwenye diski yake mwenyewe. Saa nzima ikapita katika ukimya uliomsumbua Mama Nukta kuliko jino. Kwake kompyuta isiyosema ni sanduku tu. Kila baada ya dakika alikuwa akiuliza, "Imefika wapi?" na shemeji anajibu, "Inajaza." Hatimaye akasema imemaliza, lakini haina sauti wala intaneti.

"Mbona?"

"Haina draiva. Draiva ni kama mkalimani, shemeji. Kila kifaa kina lugha yake, spika, mashine ya kuchapa, kila kitu. Bila mkalimani kompyuta inakitazama tu."

"Si uzipate kwenye intaneti?"

"Ndiyo, ila draiva ya intaneti nayo iko kwenye intaneti."

Mama Nukta akacheka, ingawa hakuwa amekusudia kucheka siku ile. Shemeji akapakua zile draiva kwa kompyuta yake ya begani, akazihamisha kwa flashi, moja ikakataa, nyingine ikakubali, na ilipokaribia saa tano spika zikakohoa.

"Ka-ri-bu," alisema Babu puani, akalitamka vibaya kama kawaida yake.

"Ahsante, mzee wangu," Mama Nukta akasema, na akatafuta leso.

Ikabaki draiva ya Tingatinga. Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa kimefungwa siku nyingi, na ukurasa wake sasa ulikuwa unauza viatu. Shemeji akapekua huku na huko. Draiva ya kwanza aliyoipata iligoma kufunguka. Ya pili ikaweka matangazo ya kamari. Ya tatu ikakubali, na Tingatinga akanguruma hadi vikombe vikatetemeka. Wote wawili wakapiga kelele za furaha. Karatasi ikatoka, Mama Nukta akaipitishia kidole.

"Imeandika nini?" shemeji akauliza.

"Imeandika kama mtu anayekoroma. Z, z, k, z. Hii ni draiva ya mashine nyingine."

Ilikuwa saa sita na nusu. Nje dirishani mwalimu wa michezo alisikika akisafisha koo na kusoma kwa sauti, "Swali la kwanza! Eleza sababu tatu..." Alikuwa anafanya mazoezi. Mama Nukta akaisukuma ile karatasi kando.

"Basi tumia diski yangu," akasema. "Ile iliyokuja na mashine. Nilidhani umeshaiona, iko kwenye droo ya chini, kwenye bahasha."

Shemeji akaifungua droo, akaifunga.

"Zile bahasha nyeupe?"

"Hizo."

"Zilikuwa diski tupu, shemeji. Hazikuwa na maandishi yoyote."

"Hazikuwa na nini?"

Mama Nukta akanyoosha mkono, akamshika shemeji kidole cha shahada, akakiweka juu ya jalada la faili lililokuwa mezani na kukisogeza polepole. Chini ya kidole vilipita vinundu, safu baada ya safu.

"Haya," akasema. "Huoni maandishi?"

"Mungu wangu," alisema shemeji. "Nilidhani karatasi imeharibiwa na unyevu."

Ilibidi Mama Nukta acheke. Mdogo wake alikuwa ameolewa na mtu aliyekuja kutengeneza kompyuta za shule hii ya wasioona kila likizo, na hakuwahi kujiuliza vile vipele ni vya nini! Lakini kicheko kilikatika alipouliza diski ziko wapi, na shemeji akajibu kwa sauti ndogo kwamba alimpelekea mkewe, naye anaweka vikombe vya chai juu yake.

Wakapiga simu. Saa nane kasoro robo mdogo mtu akafika kwa pikipiki, akihema, na mfuko wa plastiki mkononi.

"Dada, nisamehe. Bahasha nimewashia jiko. Diski hizi hapa, nane, nimezisugua kwa sabuni." Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe unajua kila kitu duniani isipokuwa kuuliza."

"Nane, na hazina bahasha," alisema shemeji. "Tutazijaribu moja moja. Kila moja dakika kumi..."

"Zilete kwangu," akasema Mama Nukta.

Aliziweka pajani, akazipapasa moja baada ya nyingine karibu na tundu la katikati. Miaka kumi na miwili iliyopita, kwa kutowaamini watu wanaopanga droo, alikuwa ametia tone la gundi juu ya kila diski: moja kwa kamusi, mawili kwa muziki, matatu kwa Tingatinga. Sabuni haikuwa imeyatoa. Diski ya tano ilikuwa na matatu.

"Hii."

Kompyuta ikaimeza. Ikazunguka, ikakwama, ikazunguka tena. Mdogo mtu alikuwa akijitetea kwamba alitumia sabuni kidogo tu. Mlango ukagongwa, na viatu vya mwalimu mkuu vikaingia, nyuma yake raba za mwalimu wa michezo.

"Mama Nukta, saa nane kasoro dakika tano."

"Bado dakika tano ni zangu, mwalimu."

Diski ikakohoa. Kisha Babu, kwa puani mwake, akatamka neno ambalo hakuna binti yeyote angelitamka kwa utamu ule: "Ki-fa-a ki-ko ta-ya-ri."

Tingatinga akanguruma. Mama Nukta alisubiri ukurasa wa kwanza, akaupitia kwa vidole vya mikono miwili kuanzia juu hadi chini, kisha akasubiri ukurasa wa swali la saba. Lilikuwepo. Akalisoma mara mbili, kisha akaubana ukurasa kifuani na kulia mbele ya watu wote, bila aibu. Walimaliza nakala ya kumi na sita saa kumi na moja kasoro, mwalimu wa michezo akiwa amepewa kazi ya kupanga karatasi.

Jumatatu shemeji alirudi, safari hii kubandika majina ya wino juu ya diski zote, huku naye akiomba afundishwe vile vipele. Saa nne wakapita pamoja kwenye varanda ya chumba cha mtihani. Dirisha lilikuwa wazi. Mama Nukta akasimama kusikiliza vidole vikitembea juu ya karatasi nzito, mikono kumi na sita kila mmoja kwa mwendo wake, mwingine ukirudi nyuma kusoma tena, kwa sababu mwenyewe alitaka na kwa sababu aliweza. Katikati yao kulikuwa na sauti nyingine, nzito, ya kupanda na kushuka.

"Nini hiyo, shemeji?"

Shemeji akachungulia. "Mwalimu wa michezo. Yeye ndiye msimamizi. Amelala, kidevu kifuani. Nikamwamshe?"

Mama Nukta aliushika ukuta, akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka.

"Mwache alale," akasema. "Leo hana swali la kuruka."