Mpaka Kompyuta ya Daktari

Mgeni aliingia zahanati ya Kimandolu wakati wa mvua, koti la suti likichuruzika.

"Shikamoo, Mama Kandida," alimwamkia nesi Hedwiga. Alikuwa amesikia wagonjwa kwenye foleni wakimwita hivyo. "Nimetumwa kukagua kompyuta."

Hedwiga alimwachia kiti, akaenda kumchoma mtoto sindano. Yule mgeni akaandika "kandida", na mashine ikafunguka. Hakuwa fundi. Alikuwa mume wa Tabitha, na alichokitafuta ni majibu ya kipimo cha UKIMWI cha mkewe.

Kesho yake Tabitha alikuja na begi moja. Alikuwa amefukuzwa nyumbani.

"Violet, mlisema ni siri," aliniambia.

Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka ule, nimeajiriwa kutunza kompyuta za zahanati zetu tatu. Nilipozikagua za Elerai na Kikatiti, nilikuta hali ni ileile. Huku kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na karibu kila mzazi alikuwa amelifanya jina hilo kuwa neno lake la siri. Aliyejua kukusalimia alijua kukufungua.

Nilirudi kwa Tabitha, nikamshika mkono. "Siri yako siwezi kuirudisha. Lakini nakuahidi, kompyuta zote zitafungwa kwa utaratibu mmoja. Hata ya mkubwa."

Hakuutoa mkono wake.

Nilipita zahanati zote. Maneno ya siri yakawa marefu, yenye herufi na tarakimu. Ukikosea mara tatu mashine inajifunga. Kila mtu anaona faili za kazi yake tu.

"Sasa nikariri kitu kama namba ya gari?" Hedwiga alilalamika. "Mimi hata siku ya harusi yangu nakumbushwa!"

"Na anayekukumbusha ni nani? Usimwambie na hili."

Alicheka kidogo, kisha akafuta macho. Tangu siku aliyokuja yule mgeni, alikuwa hali chakula vizuri.

Ikabaki kompyuta moja, ya Daktari Sumari, mkurugenzi wetu.

"Yangu iache," alisema. "Nione kila faili, kama zamani."

"Idadi ya waliopimwa utaipata, daktari. Majina yao kazi yako haiyahitaji."

"Binti, mkataba wako unaisha Juni. Anayesaini ni nani?"

"Ni wewe, daktari."

Nilimfikiria mama, aliyekwisha kuwasimulia wenzake wa kwaya kwamba mwanawe ana kazi ya ofisini.

"Nimemwahidi mgonjwa," nilisema. "Naomba unipishe kiti."

Aligeukia dirishani. Nje, kwenye benchi, mama mmoja alikuwa akisubiri majibu yake, kitenge amejifunika mpaka puani. Daktari naye alimwona. Aliinuka taratibu.

"Fanya. Lakini Juni usije kugonga mlango wangu."

"Sawa, daktari."

Nikakaa, nikaipanga kompyuta yake kama zile nyingine zote.