Aonaye Sikio Jekundu, Apishe

Jumatatu asubuhi nahodha wa tagi, boti ndogo ya kuvuta meli, alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, ofisi kuu ya bandari, kofia magotini, akingoja kuitwa, masikio ya watu yalipoanza kuwaka. La kushoto jekundu, la kulia kijani, kama taa za chombo majini. Mfagizi aliegemeza ufagio, akajitazama kwenye kioo cha mlango, kisha akaendelea kufagia.

Kufikia saa ya chai watu walishazoea. Ukutani kulikuwa na bango alilolitunga Mkurugenzi mwenyewe, na sheria zake zilitosha. Vyombo vikikutana uso kwa uso, kila kimoja kiende kulia. Njia zikikatana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia, yaani anayeona taa nyekundu, ndiye apishe, awe meli au mtumbwi. Anayegeukia kulia apige honi moja fupi. Watu hawana honi, basi wakawa wanakohoa. Mhasibu mwenye mafua alipewa likizo, maana kila alipokohoa korido nzima ilivurugika.

Nahodha hakuwa na la kucheka. Alfajiri moja meli kubwa ilikuwa imeikata tagi yake, na fundi mashine wake, kaka wa mkewe, akazama nayo. Meli iliiona taa nyekundu ya tagi upande wake wa kulia, na haikugeuka. Wenye meli walieleza kwamba walidhani tagi itasimama, kwa kuwa vyombo vidogo husimama. Baraza la uchunguzi, chini ya Mkurugenzi, ndilo lingesema kosa ni la nani.

Tangu mazishi mkewe hakuwa amemsemesha. Alimpakulia, akamfulia, akampita kama anapita kabati. Jirani ndiye aliyeambiwa na mke kwamba yeye angengoja baraza liseme nani kamuua kaka yake. Hilo lilimuuma Nahodha kuliko hofu ya kunyang'anywa leseni.

Siku ya uamuzi mkewe alikuja, akasimama penye mapokezi. Nahodha alipoitwa akashika njia ya chumba cha baraza. Korido mbili zinapokatana, Mkurugenzi akatokea kushotoni kwake, mbio mbio, simu kwenye sikio la kijani. Bango lilisema mwenye haki ya njia ashike mwendo wake, naye akaushika. Mkurugenzi hakukohoa wala hakupunguza. Akamvaa mzima mzima, Nahodha akaanguka, na jino la mbele likatoka.

"Mzee, hukuniona?" Mkurugenzi aliuliza kwa upole.

"Nilikuona, bosi. Wewe hukuona jekundu?"

"Nililiona. Nikadhani utasimama. Wote husimama."

Makarani wakatikisa vichwa kukubali, kwani ni kweli, wote walikuwa wanasimama. Mkewe, aliyeyasikia yote kutoka mapokezi, aliliokota jino, akalifunga kwenye pindo la nguo yake.

Baraza halikuchukua muda. Liliona kwamba mtu aliyeshindwa kumpisha Mkurugenzi mbele ya mashahidi ndiye huyohuyo aliyeshindwa kuipisha meli. Leseni ikachukuliwa. Kisha, ili kupunguza malalamiko, likaagiza wafanyakazi wa ngazi za chini na mabaharia wa vyombo vidogo wabandike plasta kwenye sikio la kushoto. Plasta ziligawiwa bure, na watu walishukuru. Chini ya bango mtu akaongeza kwa mwandiko mzuri: Mwenye nguvu mpishe.

Jioni Nahodha alikutana na mkewe mlangoni mwa jikoni, mkewe kabeba sufuria. Tangu mazishi yeye ndiye aliyekuwa akijibana ukutani ili mkewe apite, na sasa pia akaanza kujibana. Plasta ilikuwa imeziba sikio lote, hakukuwa na jekundu la kuona. Mkewe akasimama. Akakohoa mara moja, akasogea kulia.

"Pita, baba watoto," alisema.

Nahodha akapita, akaketi, akalia kidogo, kisha akala. Kule bandarini meli ileile ilikuwa inatoka. Haikupiga honi, na vyombo vidogo vyote vikasimama.